Ealing ilikufa 1955 au ingali hai? Na babu yangu alipigwa picha kweli?

"Assalaam alaykum, Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa akituhadithia kwamba kabla ya Uhuru walikuja Wazungu kutoka London, wakakodi jahazi alilokuwa akifanyia kazi, wakawapiga picha za sinema. Siku moja, alisema, walitweka tanga na kulitua mara sita, jahazi halikwenda popote, na jioni wakalipwa. Filamu yenyewe aliitaja kwa jina: West of Zanzibar. Nimeitafuta mpaka nimechanganyikiwa. Mara naambiwa ni ya 1928, babu hajazaliwa. Mara naambiwa ni ya studio ya Ealing. Kisha nasoma Ealing ilifungwa 1955, kwengine nasoma ndiyo studio kongwe duniani na inafanya kazi hadi leo, kwengine tena kwamba filamu zake ni mali ya Wafaransa. Ami zangu wanasema mzee alijitungia tu, maana jina lake halimo kwenye orodha ya wachezaji. Naomba unieleze: hii Ealing ni kitu gani hasa? Nikitaka kuiona filamu na kuihifadhi kwa ajili ya familia nifanyeje? Na kuna malipo yoyote tunayoweza kudai?"

Waalaykum salaam, mjukuu wa baharia. Mungu amrehemu mzee wako. Nikuondolee mzigo mmoja mapema: hadithi ya babu yako haina dalili ya uongo. Kilichokutatiza ni kwamba jina moja la filamu limetumika mara mbili, na jina moja la studio linabeba vitu vitatu tofauti.

Tuanze na filamu. Ipo West of Zanzibar ya 1928, lakini hiyo ni filamu isiyo na sauti ya kampuni ya MGM ya Marekani, iliyoongozwa na Tod Browning, mchezaji mkuu akiwa Lon Chaney. Afrika yake ilijengwa Hollywood kwa mbao na rangi. Ya babu yako ni ya 1954, filamu ya rangi ya studio ya Ealing, mwongozaji Harry Watt, wachezaji wakuu Anthony Steel na Sheila Sim. Inahusu magendo ya pembe za ndovu kutoka bara hadi mwambao, na majahazi yamo ndani yake. Kati ya hizi mbili hakuna uhusiano wowote zaidi ya jina. Kwa hiyo ukiitafuta, andika na mwaka wake, la sivyo utaletewa ile ya Chaney kila mara.

Na lile jambo la tanga. Ami zako wanalisikia kama kichekesho. Mimi nililisoma mara mbili nikatabasamu. Baharia hatweki tanga mara sita bila safari, ni kazi ngumu isiyo na faida. Anayetaka hivyo ni mtu wa kamera. Mara ya kwanza wingu limefunika jua, ya pili mtu ametazama kamera, ya tatu mwongozaji anataka kuliona tanga likipanda kutoka upande wa shetri, yaani nyuma ya chombo, ya nne kwa karibu, mikono tu juu ya kamba. Mtu aliyeisikia sinema kwa mbali angesimulia juu ya nyota wa filamu na mavazi yao. Babu yako alisimulia uchovu wa kurudiarudia, na huo haujui ila aliyekuwepo.

Sasa Ealing. Kwa kuwa wewe ni mtu wa ukoo wa bahari, ifikirie hivi: kuna chombo, kuna mabaharia wake, na kuna shehena. Watu wakitaja Ealing, mmoja anakusudia chombo, yaani kiwanja na majengo. Mwingine anakusudia mabaharia, yaani kampuni na watu waliotengeneza filamu pale. Wa tatu anakusudia shehena, yaani filamu zenyewe. Vitu hivi viliwahi kuwa pamoja, kisha vikatengana. Ndiyo sababu kila ulichosoma ni kweli, na vyote vinaonekana kupingana.

Chombo ndicho kikongwe. Mwaka 1902 mtu aitwaye Will Barker alichukua nyumba ya White Lodge pale Ealing Green, magharibi mwa London, akaanza kupiga filamu kwenye uwanja wake. Kuanzia 1907 hivi alijenga mabanda ya kupigia picha yenye kuta na paa za vioo, kwa sababu wakati ule mwanga wa jua ndio uliokuwa taa. Barker alikuwa mtu wa makeke. Mwaka 1911 alimlipa mwigizaji mkubwa wa jukwaani, Herbert Beerbohm Tree, apigwe filamu katika tamthilia ya Henry VIII. Akaionyesha kwa wiki sita, kisha akazikusanya nakala akazichoma moto hadharani. Hesabu yake ilikuwa kwamba kitu kisichopatikana tena ndicho kitakachotafutwa. Sisi tunaotafuta filamu za zamani tunaumia kila tukikumbuka.

Sauti ilipoingia, mabanda ya vioo yalikosa kazi, maana mvua ikigonga paa hakuna kinachosikika. Basil Dean, mtu wa tamthilia, na kampuni yake ya Associated Talking Pictures, walijenga upya hapo hapo na kufungua mwaka 1931: kuta nene, mabanda yasiyopitisha sauti. Ilikuwa kati ya studio za mwanzo kabisa Uingereza kujengwa kwa makusudi ya filamu za sauti. Dean alipenda kazi za hadhi, lakini waliomlipia madeni ni waimbaji wa watu wa kawaida kutoka kaskazini, Gracie Fields na George Formby. Mwaka 1938 akaondoka, akaja Michael Balcon.

Hapa ndipo tunapofika kwa mabaharia, na naomba unipe nafasi, kwa sababu hawa ndio waliomkuta babu yako.

Balcon alizaliwa Birmingham mwaka 1896. Alikwishaanzisha kampuni ya Gainsborough na kupita katika studio kubwa, ikiwemo MGM, ambako hakupendezwa na kuamriwa kutoka ng'ambo. Ealing ilikuwa ndogo, na yeye akataka ibaki ndogo. Aliwaweka waandishi, waongozaji, wapiga picha na wahariri kwa mshahara, watu walewale filamu baada ya filamu. Waliketi kuzunguka meza moja wakajadili hadithi, mhariri wa leo akapandishwa kuwa mwongozaji wa kesho, na ubishi usiokwisha mezani ukahamia baa ya Red Lion ng'ambo ya barabara. Studio ilikuwa na mabanda matano ya kupigia picha, basi ile baa wakaiita banda la sita. Si kwamba ilikuwa pepo. Mishahara haikuwa minono, na wanawake walipewa nafasi finyu mno. Diana Morgan, aliyeshiriki kuandika Went the Day Well? ya 1942, alifanya kazi akiwa amezungukwa na wanaume watupu. Lakini kulikuwa na umoja ambao studio tajiri zilikosa.

Dunia inawakumbuka zaidi kwa vichekesho vyao. Mwaka 1949 pekee zilitoka Passport to Pimlico, Whisky Galore! na Kind Hearts and Coronets. Katika hii ya mwisho Alec Guinness anacheza watu wanane wa ukoo mmoja, na kuna picha moja ambamo sita kati yao wanaonekana pamoja kanisani. Hapakuwa na kompyuta. Mpiga picha Douglas Slocombe aliifunga kamera isitikisike hata unywele, akaziba sehemu ya lenzi kwa kizuizi cheusi, akampiga Guinness akiwa mtu wa kwanza. Kisha filamu ikarudishwa nyuma ndani ya kamera, kizuizi kikahamishwa, Guinness akaenda kubadilishwa sura na nguo, akarudi mtu wa pili. Hivyo hivyo hadi wa sita, juu ya kipande kilekile cha filamu. Kosa moja mwishoni lingeharibu yote ya mwanzo. Usiku Slocombe alilala studioni kando ya kamera yake, asije mtu akaigusa gizani. Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba watu hao waliwatwesha tanga mara sita.

Lakini Harry Watt hakuwa mtu wa vichekesho, wala hakupenda sana kukaa ndani ya mabanda. Alikulia katika filamu za habari za kweli. Yeye na Basil Wright walitengeneza Night Mail ya 1936, kuhusu treni ya barua. Huko alijifunza kuwachukua watu kazini mwao, mfanyakazi wa posta acheze mfanyakazi wa posta, baharia acheze baharia. Balcon alimtuma Australia, akarudi na The Overlanders ya 1946, hadithi ya kuswaga ng'ombe kuvuka bara wakati wa vita. Kisha akaja kwetu. Where No Vultures Fly ya 1951 ilipigwa Kenya, ikichota kutoka kwa maisha ya Mervyn Cowie, aliyesimamia kuanzishwa kwa hifadhi za taifa huko. Ilichaguliwa kuonyeshwa mbele ya familia ya kifalme London mwaka huo, ikavuta watazamaji wengi, na ndipo likaja wazo la kuendeleza hadithi kwa kumpeleka yule bwana nyama, yaani msimamizi wa wanyamapori, hadi pwani. Hiyo ndiyo West of Zanzibar.

Nikuambie ukweli kabla hujaiona, usije ukaumia mbele ya watoto. Ni filamu ya kikoloni. Mzungu ndiye mwenye akili na huruma, Waafrika wanaonyeshwa kama watu wa kulindwa wasipotoshwe na mji, na watu wa mwambao wanabeba sehemu kubwa ya ubaya wa hadithi. Ilitengenezwa Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, lakini mtazamaji asiyejua hangeambiwa na filamu hii kwa nini nchi ilikuwa inawaka. Na Waafrika wenye maneno mengi ndani yake si wa kwetu: Orlando Martins alitoka Lagos, Edric Connor alitoka Trinidad. Hata hivyo, nyuma ya wachezaji hao kuna bahari yetu, vyombo vyetu na watu wetu, kwa rangi, kwa mikono ya mafundi wa hali ya juu. Picha za namna hiyo za mwambao wa miaka ile ni chache. Mimi huitazama huku nikiwa na hasira na shukrani pamoja, na sioni haja ya kuchagua moja.

Hapa napata jibu kwa ami zako. Filamu za enzi ile hazikuwa na orodha ndefu ya majina kama za leo. Waliandikwa wachezaji wakuu na wakuu wa idara, basi. Mafundi wengi wa London kwenyewe, waliofanya kazi Ealing miaka nenda miaka rudi, hawamo. Baharia aliyekodiwa kwa siku Mombasa angeandikwa wapi? Kukosekana kwa jina lake hakuthibitishi chochote, si huku wala kule.

Turudi kwenye 1955. Mwaka 1946 tiketi za sinema zilizouzwa Uingereza zilipita bilioni 1.6. Baada ya hapo zikapungua mwaka hata mwaka, televisheni ikaingia majumbani, na kufikia 1960 zilibaki kiasi cha milioni 500. Studio yenye wafanyakazi wa kudumu hula mshahara hata siku isiyopiga picha. Tangu 1944 Ealing ilitegemea kampuni ya Rank kusambaza filamu zake na kuchangia fedha, uhusiano huo ukachacha, na madeni yakaongezeka. Mwaka 1955 majengo yakauzwa kwa BBC, yaani televisheni yenyewe iliyokuwa ikiwavuta watazamaji. Balcon aliacha kibao ukutani kinachosema kwamba mahali hapo, kwa robo karne, zilitengenezwa filamu nyingi zilizoionyesha Uingereza na tabia ya Waingereza. Mabaharia wakashuka. Walihamia Borehamwood kwenye majengo ya MGM, wakatoa filamu chache zaidi. Ya mwisho, The Siege of Pinchgut, ilipigwa Sydney na kutoka 1959, mwongozaji akiwa Harry Watt yuleyule.

Kwa hiyo anayesema Ealing ilikufa anaongea juu ya watu hao, na hakosei. Anayesema ingali hai anaongea juu ya chombo. BBC ilipiga filamu za televisheni pale hadi miaka ya 1990, Shule ya Taifa ya Filamu na Televisheni ikapanunua 1995, na mwaka 2000 wakaja wenye mali wapya waliolirudisha jina la Ealing kwenye filamu za sinema. Ukiwahi kuona Downton Abbey, jiko lile la chini walimohangaika watumishi lilijengwa Ealing. Tangu 1902 mahali hapo pamekuwa pa kamera, na hiyo ndiyo maana ya kuitwa kongwe.

Shehena ilikwenda njia yake. Kampuni pamoja na haki za filamu ilinunuliwa na Associated British Picture Corporation, nayo ikauzwa, na aliyenunua akauza, hadi leo hazina ya Ealing imo mikononi mwa StudioCanal, ambayo ni ya Wafaransa. Kwa hiyo usiwaandikie studio iliyopo Ealing ukiomba nakala. Wao wana majengo, filamu ya babu yako hawana.

Kuhusu malipo, sitakupa tumaini ambalo mimi mwenyewe sina. Mtu aliyekodiwa kwa siku alilipwa ujira wa siku na mambo yakaishia hapo. Kwa kuonekana tu kwenye filamu hakuwa na sehemu katika mapato yake. Akitokea mtu akakuambia atakudaia fidia London ukimpa kwanza ada, mkatae. Heshima ya kutambuliwa ni jambo jingine, na hiyo unaweza kuitafuta.

Kuhusu nakala, filamu hii imewahi kutolewa kwa DVD huko Uingereza, na kwa kuitazama nyumbani hiyo ndiyo njia nyepesi. Angalia kitu kimoja kabla ya kulipa: DVD za Uingereza zimefungwa kwa kanda namba 2, na mashine za Kenya zimepangiwa kanda namba 5, hivyo uhakikishe yako inasoma kanda zote. Mkitaka kuionyesha barazani au shuleni, au kuweka vipande vyake mtandaoni, hapo mnagusa hakimiliki. Kwa sheria ya Uingereza hesabu ni miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya wahusika wake wakuu wa ubunifu, na Watt alifariki 1987, kwa hiyo haiishi kabla ya mwisho wa 2057. Kabla ya onyesho la hadhara mwone mwanasheria wa hakimiliki, au nenda ofisi za Bodi ya Hakimiliki ya Kenya uulize ana kwa ana. Barua ya kuomba ruhusa kwa StudioCanal inaandikika, na kwa onyesho dogo la familia na majirani si ombi la ajabu.

Mambo mengine hayafanyiki kwa simu. Karatasi za Michael Balcon zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, na London kuna maktaba yao ya kusomea iliyo wazi kwa umma. Kama una jamaa anayeishi huko, mtume, lakini apange miadi kwanza, kwani karatasi za namna hiyo hazitolewi kwa kubisha hodi tu. Huku kwetu, nenda Nyaraka za Taifa Nairobi, na ukiweza Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Omba magazeti ya 1953, mwaka mmoja kabla filamu haijatoka: East African Standard, Mombasa Times, na Baraza kwa Kiswahili. Ujio wa watu wa sinema ulikuwa habari. Huenda usikute jina la babu yako, ila ukikuta jina la jahazi lililokodiwa, hilo ni kubwa kuliko jina la mtu mmoja, kwa sababu jahazi lina nahodha, nahodha ana ukoo, na ukoo una wazee.

Siku ya kuitazama, usiwakalishe ami zako peke yao. Mwite mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyewahi kufanya kazi vyomboni, na utoe ile picha ya zamani kabisa mliyo nayo ya babu, akiwa kijana. Msianze kwa kutafuta sura. Sura za watu wa nyuma ni ndogo, na moyo ukitaka sana huona unachotaka. Simamisha picha kila jahazi linapotokea, mwache mzee atazame omo ya mbele, shetri, na foromali, ule mti unaobeba tanga. Vyombo havifanani, na waliovipanda huvijua kama mtu ajuavyo ndugu zake kwa migongo. Akilitambua lile la babu yako, hapo ndipo mrudishe picha nyuma, polepole, mtazame ni nani anayevuta kamba.